Mkanda wa Chiriku

Shemeji yangu ni fundi wa kutengeneza vyerehani, na kama angeishia hapo tungekaa kwa raha zetu. Lakini yule bwana aliingiwa na wazimu wa filamu. Wala si filamu hizi zenye stelingi na majambazi, ambazo hata mimi nazipenda. Zake ni filamu za majaribio. Bomba linadondosha maji, basi hiyo ni filamu. Kivuli cha nguo kwenye kamba, filamu. Ukimuuliza majaribio ya nini, anakwambia, "Shemeji, ningekuwa najua nisingejaribu." Unabaki umekodoa macho.

Mimi ni mdogo wa mkewe. Nashona nguo za kike, duka langu liko hatua chache kutoka kwao, na cherehani changu hakijawahi kushikwa na fundi mwingine. Kwa hiyo nikimsema, jueni namsema mtu ninayempenda.

Zamani aliendesha mashine kwenye jumba la sinema nyuma ya soko. Jumba lilipofungwa likafanywa ghala la magodoro, na mwenye jumba akawaambia wafanyakazi wachukue wanachotaka, mradi wamwondolee takataka. Wenzake wakabeba viti na mapazia, wakauza. Yeye akarudi nyumbani na projekta moja ndogo, kamera ya kukaza kwa ufunguo, na makopo ya biskuti yasiyo na idadi, yamejaa mikanda chakavu: matangazo ya sabuni, ya viatu, ya dawa ya meno. Dada yangu alikuwa bado mke mpya. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Wenzangu wanaletewa kabati, mimi naletewa makopo." Lakini aliyapangia nafasi. Alimpenda, basi.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kike. Jina la cheti alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Sote tulimwita Chiriku, maana alianza kuongea meno hayajatimia na hakunyamaza tena. Anaongea akila, anaongea akioga, anagombana na kuku, anabishana na watu usingizini. Akija dukani kwangu nilikuwa nampa peremende kubwa kubwa ili nipate utulivu kidogo wa kukata kitambaa. Nayo anaitoa mdomoni, anaishika kwa vidole, anaendelea kuongea.

Sasa, watu wanadhani tamasha lilianzishwa na shemeji. Hapana. Lilianzishwa na Chiriku. Siku moja baba yake aliacha mkanda wa tangazo la sabuni mezani, mtoto akachukua sindano ya mama yake, akaukwangua wote, mistari na madoadoa na sijui nini. Shemeji alifoka, nilimsikia mpaka dukani. Kisha akanyamaza. Nikaenda mbio nikidhani amempiga. Nikawakuta wamefunga dirisha, projekta inanguruma, na ukutani ile mikwaruzo inacheza, inaruka, inakimbizana juu ya mama wa sabuni. Shemeji machozi yanamtoka. "Umeona? Hakuangalia kilichomo ndani! Amekwangua tu, hajui kuna nini!" Chiriku akamjibu, "Najua. Kuna sabuni." Lakini baba mtu alikuwa ameshapandwa na mori, hasikii.

Ndio mwaka ule ule akaanzisha tamasha, kwenye ukumbi wa ushirika wa washonaji, ule wenye madirisha marefu na benchi za mbao. Watu wa mtaa walikuja kwa kumcheka. Yeye anapita huku na huku akipiga kelele, "Giza! Nataka giza!" mpaka wakamwita Bwana Giza, na jina likamganda. Mmoja akauliza stelingi yuko wapi. Mwingine akauliza kama mashine imeharibika. Akaja bwana mmoja wa ofisi ya utamaduni, suti na miwani, akatazama bomba likidondosha maji, kisha akasimama kuuliza ujumbe wa filamu ni nini. Chiriku, aliyekuwa anachana tiketi, akamwambia, "Ujumbe ni kwamba ukae, unawaziba wenzako." Ukumbi mzima uliangua kicheko. Yule bwana naye akacheka, akakaa, na mwaka uliofuata akaja na mkewe.

Hapo ndipo ilipotokea desturi ya mkanda wa kufungulia. Kila mwaka, wiki moja kabla ya tamasha, watu wa mtaa wanakusanyika ukumbini. Kila mmoja anapewa kipande cha mkanda chakavu, anakikwangua kwa sindano, anakipaka rangi ya kucha, anakitoboa, anavyopenda. Shemeji anaviunga vyote kuwa mkanda mmoja, na huo ndio unaofungua tamasha. Sharti lilikuwa moja tu: hakuna kuchungulia. Huruhusiwi kuinua kipande dirishani ukaona kina picha gani. Unakwangua ulivyopewa. Shemeji mwenyewe alikuwa anaviunga kwa kupapasa, uso ameugeuzia pembeni. Na siku ya kuonyesha haoni kitu, kwa sababu mwendesha mashine macho yake yako kwenye mashine. Wakichungulia, alisema, wataanza kupamba. Anataka wafanye kama alivyofanya Chiriku.

Mwaka mmoja, ile mikanda michache aliyokuja nayo na kamera ikiwa imeshaishia kwenye mabomba na vivuli, alipata kwa taabu mkanda mpya. Mmoja tu, na tangu hapo haikupatikana tena mipya. Akampiga nao picha Chiriku, uani, siku ya jua kali. Ni mkanda mfupi, chai haijapoa umekwisha, na hauna sauti. Tulipouangalia ukutani tulicheka mbavu zikauma: Chiriku anaongea, anaongea, anatuelekezea kidole, na kimya! Dada akasema, "Mungu ni mwema, leo nimempata akiwa kimya." Na yeye Chiriku akakaa mbele yetu anautafsiria ule mkanda kwa sauti ya juu. Alichotafsiri, jamani, hakuna hata mmoja wetu aliyekishika.

Alikuwa darasa la tatu homa ilipomchukua. Alirudi shule akasema shingo inauma. Alisema hivyo tu, kisha akanyamaza, na dada alipoona amenyamaza akapiga yowe kabla hata ya kumgusa. Hospitali walijitahidi. Hakufika mwisho wa juma. Zaidi ya hapo sisemi, na msinilazimishe.

Baada ya msiba dada alimwambia mumewe maneno haya, nikiwepo: "Mkanda wake usiuchome. Lakini sitaki kuuona. Ufiche, na usiniambie umeuficha wapi, maana nikijua nitaufuata." Shemeji akauweka kwenye kopo la biskuti, akalipandisha juu ya rafu ya karakana yake, peke yake, huku makopo mengine yakibaki chini. Na tangu siku ile dada hakumwita tena Baba Chiriku. Akawa anamwita "wewe". Wewe, chakula. Wewe, kuna mtu anakuulizia. Si kwa chuki. Jina tu lilikuwa halipiti kooni.

Mimi nilidhani tamasha nalo limekufa. Wapi! Shemeji alilishikilia utadhani ndiye mtoto aliyebaki. Umeme unakatika, anaazima jenereta kwa muuza nyama. Watu hawaji, anawapita nyumba kwa nyumba. Watengeneza filamu wa miji mingine wakaanza kumtumia kazi zao, wengine wakaja wenyewe na mabegi, wakalala sebuleni kwa dada juu ya mikeka. Dada akawapikia chai. Kila mwaka aliweka meza yake mlangoni pa ukumbi, birika na vikombe, anachana tiketi badala ya yule aliyekuwa anachana. Ndani hakuingia hata siku moja. Ukimwambia aingie, anasema, "Mimi ni wa mlangoni." Nami nikawa naye pale, tukimimina chai na kuwasikia watu wakicheka gizani.

Mwaka juzi mvua ilinyesha vibaya. Paa la karakana likatoboka, na shemeji yuko mbali, kiwanda fulani cha sare kimemwita. Dada akaona makopo ya mumewe yanalowa. Akayabeba yote mpaka mlangoni pa ukumbi, safari baada ya safari, washonaji wakayapokea ndani. Nilimwona akipita mbele ya duka langu, mfuko wa plastiki kichwani, makopo yamepangana kifuani mpaka kidevuni. Nikamtania, "Dada, leo umeolewa rasmi na makopo." Akacheka kweli, kicheko chake cha zamani. Nilifurahi siku nzima.

Wiki iliyofuata watu wakakusanyika kukwangua kama kawaida. Kisha tamasha likafunguliwa. Ukumbi ulijaa, mkanda wa kufungulia ukapigiwa makofi kuliko miaka yote. Mimi na dada tuko mlangoni tunasuuza vikombe. Nakumbuka kuna mtu ndani alisema kwa nguvu, "Aa, kuna mtoto!" na mwingine akamjibu, "Tangazo la sabuni hilo," wakacheka. Dada alikuwa anamtilia mtu sukari.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilikuwa karakana kwa shemeji, amelaza cherehani changu ubavu anakisafisha. Dada akaingia na kitambaa cha kufutia mikono. Akasema, "Baba Chiriku."

Bisibisi ilimtoka shemeji mkononi.

"Naam, mama."

"Nataka kumwona. Naota mtoto, naye hana uso. Nikiitazama ile picha ya shule, amefunga mdomo. Sasa yule ni nani? Chiriku hakufunga mdomo. Nataka nimwone akiongea, hata kama sauti haipo. Niwekee ule mkanda."

Shemeji akasema sawa, aandae mashine. Dada akaenda kuoga na kubadili nguo. Kwenda kumwona mwanawe, eti, alikwenda kuvaa gauni nililomshonea mimi, lile la buluu.

Mimi nikarudi dukani. Sikukaa sana, shemeji akaingia na kopo kifuani. Uso umemshuka. Akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia. Kopo halikuwa na kifuniko. Ndani kulikuwa na kutu, alama za maji yaliyokauka, na mende wawili waliokufa. Ni kopo tupu. Mtu alishusha lile lililokuwepo, akapandisha hili pale rafuni kukinga tone la mvua. Kutoka chini unaliona kopo mahali pake, na yeye miaka yote hakuthubutu kulishusha.

"Shemeji," akasema, "siku ile ya mvua, ulimwona amebeba makopo?"

"Nilimwona."

"Hukumwona."

Nikamtazama.

"Hukumwona na lile la rafuni," akarudia. "Mkanda nilishauhamisha mimi kabla ya safari. Niliuchanganya na makopo ya chini. Nimekosea kopo mimi. Umenielewa?"

Nilielewa. Tulikwenda ukumbini wote wawili. Tukafungua kila kopo, tukitumaini upumbavu tu. Mwisho shemeji akautoa ule mkanda wa kufungulia wa mwaka ule, akauinua dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu aweke lile sharti lake, akachungulia. Alianza kuuvuta taratibu kwa vidole. Sabuni. Viatu. Sabuni. Kisha mkono wake ukasimama. Nikaona ukuta wa uani kwao. Nikaona kamba ya nguo. Na katikati, pale mtoto alipokuwa amesimama, mtu amekwangua duara zuri la jua, lenye miale, amelijaza rangi ya kucha nyekundu. Mtu wa mtaani kwetu huyo. Mtu aliyekula kwenye harusi yao na kulia kwenye msiba wao. Angeinua kipande tu, angemtambua.

Sijawahi kumpiga mtu mzima, lakini siku ile nilimpiga shemeji kifuani kwa ngumi zote mbili. "Kuchungulia kungekugharimu nini? Wewe na majaribio yako! Kungekugharimu nini?" Hakujikinga. Aliushika tu mkanda juu, nisije nikaugusa.

Dada alikuja amevaa lile gauni. Shemeji akamwambia pale pale mlangoni, bila kuzunguka: nilikosea kopo, wamemkwangua, kilichobaki ni kidogo. Dada hakulia. Aliuliza tu, "Uso upo?" Shemeji akasema hajui. Dada akampita, akaingia ukumbini, mara ya kwanza tangu Chiriku azikwe, akakaa benchi la mbele. Nikafunga madirisha. Hakuna aliyepiga kelele za giza.

Mashine ikaanza. Mikwaruzo, madoa, maua ya rangi ya kucha, matundu yanayowaka. Kisha unauona mguu wenye ndala, unakimbia, unapotea. Mkono unaonyesha kitu. Nywele. Kuku amebaki mzima, hakuguswa, Mungu nisamehe, nilimchukia yule kuku. Dada ameegemea mbele, anapepesa macho kama mtu anayetafuta mtu kwenye umati. Na karibu na mwisho kuna kipande alichopewa mzee muuza vifungo, ambaye kila mwaka anasinzia na sindano mkononi. Mzee alikwangua pembeni kidogo, akalala. Basi pale pembeni mwa mikwaruzo yake, ghafla, Chiriku. Uso mzima. Pengo la mbele na yote. Anaongea.

"Simamisha!" dada akapiga kelele. "Baba Chiriku, simamisha hapo!"

"Siwezi! Ukisimama mbele ya taa unaungua!"

Na hapo akawa amepita. Ni pumzi moja tu. Sabuni ikarudi.

Shemeji akaurudisha, akauendesha tena. Na tena. Kila mara dada anasogea benchi, mpaka akawa amesimama mbele ya ukuta wenyewe, mikwaruzo inamchezea mgongoni kwenye lile gauni la buluu. Sijui walirudia mara ngapi. Mashine ilikuwa imeanza kunuka joto alipouliza, bila kugeuka:

"Anasema nini?"

Shemeji akainamia mashine.

"Wewe ndiye ulikuwa umeshika kamera. Anakutazama wewe. Alikuwa anakwambia nini?"

Niliomba Mungu aseme uongo. Angesema chochote, "baba nitazame," "baba kuku," chochote kile, na dada angekishika mpaka kufa kwake. Lakini shemeji yangu hana kipaji hicho. Uongo wake mmoja alikuwa ameshautumia.

"Sikumbuki," akasema. "Sikuwa namsikiliza. Jua lilikuwa linaingia kwenye wingu, mimi nilikuwa naangalia mwanga."

Dada alikaa chini sakafuni. Hapo ndipo alipolia, kilio ambacho hata msibani hakukilia, na shemeji akaizima mashine akamfuata, na mimi nikatoka nje maana hapakuwa na nafasi yangu mle ndani.

Kesho yake shemeji akatangaza tamasha limekwisha. Akaanza kuifunga projekta kwenye shuka. Dada akaja akaifungua. "Halijaisha," akamwambia. "Makopo bado yapo."

Tangu hapo sharti ni lingine. Siku ya kukwangua, dada ndiye anayegawa vipande, na hakuna kipande kinachokwenda kwa mtu kabla hajakiinua dirishani akakitazama picha kwa picha. Watu wanasubiri na sindano zao, hata wale wageni kutoka mbali, na hakuna anayelalamika. Yanayobaki anayafungua siku za kawaida, mchana, akimaliza kupika. Anasema makopo yalichanganyika siku ile ya mvua. Anasema huenda kipo kipande kingine. Kopo likiisha, anaagiza mengine kutoka miji ya wale watengeneza filamu, mikanda ya watu asiowajua, nayo anaitazama.

Shemeji anajua Chiriku alipigwa picha kwa mkanda mmoja tu. Mimi pia najua. Juzi nilimpelekea gauni la kupimisha nikamkuta dirishani, mkanda umemwagika mapajani, anauvuta kwa vidole taratibu. Shemeji yuko nyuma yake anamfungulia kopo jingine. Tukatazamana, mimi na yeye. Dada akasema, bila kugeuka, "Ngoja kidogo, mdogo wangu. Huu nimeufikia katikati."

Nikavuta kiti, nikamngoja.